Runi za mbao: uzoefu wangu na seti ya vipande 24

Seti ya runi niliyonunua ina vipande 24 vya mti wa bjørk, ule mti mweupe uliojaa kila mahali huku Norwei. Vimekatwa kwa msumeno kutoka tawi moja, kila kimoja kimebaki na gamba lake pembeni, na alama imechomwa kwa chuma cha moto upande mmoja tu. Ndani ya mfuko wa kitani kuna pia kitambaa cheupe na kijitabu chembamba cha Kinorwei. Nilimlipa fundi krona 450 kwenye soko la Krismasi hapa Oslo, na tangu hapo seti hii haijawahi kukaa kabatini. Ndugu na marafiki wanaoiona mezani kwangu huuliza mambo mawili yale yale: je, ni uchawi, na je, inasema kweli? Nitayajibu yote mawili, lakini kwanza kuhusu kitu chenyewe.

Runi ni herufi. Watu wa Skandinavia na jamaa zao wa Ujerumani na Uingereza waliziandikia kabla alfabeti ya Kilatini haijashika nchi zao, na kwingine ziliendelea kwa karne kadhaa hata baada ya hapo. Mfululizo wa kale una herufi 24, na wataalamu huuita futhark kwa kufuata sauti sita za mwanzo wake. Zama za Waviking zilipoingia zilipunguzwa zikabaki 16. Kila herufi ina jina, na jina hilo ni la kitu: Fehu ni mifugo na mali, Raidho ni safari, Isa ni barafu, Jera ni mwaka na mavuno yake, Othala ni ardhi ya urithi. Hapo ndipo faida yake kwa mtu anayetaka kujitafakari. Ukitoa mfukoni kipande chenye jina la barafu, huwezi kukaa bila kujiuliza ni kitu gani kwako kimeganda.

Kabla sijazoea seti yangu nilikwenda Kulturhistorisk museum, makumbusho ya historia ya utamaduni hapa hapa mjini, kuliangalia jiwe la runi la Svingerud. Lilichimbuliwa mwaka 2021 kwenye kaburi la kale karibu na ziwa Tyrifjorden, likatangazwa Januari 2023, na wakati huo likakadiriwa kuwa la kati ya mwaka 1 na 250 baada ya Kristo. Ni jiwe dogo la rangi ya kahawia, halifikii hata upana wa sinia. Juu yake mna mikwaruzo myembamba, na mojawapo ya maandishi yake ni herufi nane zinazosomeka "idiberug". Pembeni mtu mwingine, au yule yule, amechora f, u na th, yaani mwanzo wa mfululizo, kama mtoto wa madrasa anayejaribu kalamu yake kwa alifu, be, te. Nilisimama pale muda mrefu. Nilichokiona ni mkono wa mtu aliyekuwa anajifunza, na tangu siku hiyo nimezishika hizi mbao zangu kwa heshima ya aina nyingine.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi. Mwaka 1955 sehemu ya Bryggen, ile bandari ya kale ya Bergen, iliungua, na wachimbaji walipoingia chini ya majivu walikuta mamia ya vijiti na vipande vya mifupa vyenye runi. Humo mna vibao vya kufungia mizigo vyenye jina la mwenye mali, sala, maneno ya mapenzi, na kijiti kimoja kinachosema Gyda anakwambia urudi nyumbani. Kwa hiyo anayekuuzia runi kama lugha ya siri ya makuhani peke yao anakuuzia nusu ya habari. Ziliandikwa juu ya mbao na watu wenye biashara zao na wake zao wanaowasubiri.

Na kupigia bao? Hapa ndipo kijitabu cha fundi huyu kilipoiteka mioyo yetu, mimi na rafiki yangu aliyenunua seti nyingine mtandaoni. Kinaeleza wazi kwamba Mrumi Tacitus, mwaka 98 baada ya Kristo, aliandika jinsi Wajerumani walivyokata tawi la mti wenye matunda, wakalikata vipande, wakavitia alama, wakavimwaga juu ya kitambaa cheupe. Kuhani, au baba wa nyumba kama jambo lilikuwa la familia, alitazama mbinguni akaokota vipande vitatu, kimoja kimoja. Tacitus hakuzitaja runi. Alisema alama tu. Kijitabu kinakiri hivyo, kisha kinasema kwamba namna nyingi za kuzipanga zinazouzwa leo, kipande cha jana, cha leo na cha kesho, ni mambo mapya. Yale ya kale hasa ni mashairi: la Kiingereza cha kale, lenye beti 29, na yale ya Norwei na Iceland yenye beti 16 kila moja. Kila ubeti unaeleza herufi moja. Fundi amezitafsiri beti hizo na kuziweka pamoja chini ya kila runi, bila kuongeza pilipili.

Seti ya rafiki yangu ina vipande 25. Cha ziada ni kitupu, na karatasi iliyokuja nacho inadai ni runi ya Odin, mungu wa kale wa Skandinavia, na ni ya kale kuliko zote. Si kweli. Kipande hicho kilienezwa na kitabu cha Mmarekani Ralph Blum, mwaka 1982, na hakuna jiwe wala mfupa wa kale unaokitambua. Angalieni pia runi ya Perthro. Maana yake imewashinda wataalamu hadi leo. Shairi la Kiingereza linasema tu kwamba ni mchezo na kicheko mahali mashujaa wanapokaa na kunywa. Karatasi ya rafiki yangu imeandika "siri ya hatima yako" kwa wino wa dhahabu. Kijitabu changu kimeandika kwamba haijulikani, na nafasi iliyobaki imeachwa wazi ili mwenyewe uandike. Kwangu mimi huo uaminifu peke yake unatosha krona 450.

Ninavyozitumia ni hivi. Usiku, kazi zikiisha, natandika kitambaa mezani, nageuza vipande kifudifudi na kuvivuruga kwa viganja viwili kama wachezaji wa dhumna. Naokota kimoja. Nasoma beti zake, halafu naandika kwenye daftari bila kuinua kalamu mpaka ukurasa ujae. Jambo zito naliokotea vitatu. Siangalii kama alama imetoka kichwa chini, ingawa vitabu vingi vya sasa hugeuza maana hapo. Mashairi ya kale hayana habari hiyo, na runi kama Isa na Gebo hata ukizipindua hubaki vile vile.

Nitatoa mfano mmoja ili ieleweke. Mdogo wangu anasimamia ujenzi wa nyumba ya mama yetu kule Tanga. Alikuwa amefika kwenye lenta, na kila wiki inakuja meseji: nondo, saruji, fundi anadai. Hela nilikuwa nazo, lakini mkono ulikuwa mzito kutuma na sikujua kwa nini. Usiku mmoja nikaokota Fehu. Shairi la Norwei linasema mali huleta ugomvi kati ya ndugu, na mbwa mwitu hukulia msituni. La Kiingereza linakwenda njia nyingine: mali ni faraja kwa kila mtu, lakini inampasa kila mmoja aigawe kwa ukunjufu akitaka heshima mbele ya Mola. Nikazisoma beti hizo mbili mara kadhaa, nikaanza kuandika. Nusu ya kwanza ya ukurasa ilikuwa hesabu na lawama. Chini kabisa ikatoka sentensi ambayo sikuitegemea: hakuna aliyeniuliza mlango wa jiko utazame wapi.

Kesho yake nikapiga simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Leo hatuongei hela. Nionyeshe nyumba."

Akanyamaza kidogo. "Dada, kumbe unataka kuona? Mimi nilidhani nakupunguzia usumbufu."

Akageuza simu, akanitembeza chumba kwa chumba, mchanga unalia chini ya kandambili zake. Mlango wa jiko tumeuhamishia upande wa kisima, mama mwenyewe ndiye aliyeshauri akiwa amekaa juu ya tofali.

Runi haikuniambia lolote kuhusu mdogo wangu, wala kuhusu nyumba. Kipande kile kingeweza kuwa kingine. Ningeokota Isa ningeandika habari za ubaridi ulioingia kati yetu, na pengine ningefika pale pale kwa njia nyingine. Ndiyo maana nikiulizwa kama zinasema kweli, najibu kwamba hazisemi. Zinakukalisha chini na neno moja ambalo hukulichagua wewe, na akili ya mtu ikinyimwa nafasi ya kuchagua mada hushindwa kukwepa.

Sasa suala la dini, maana najua linakuja. Mimi ni Mwislamu wa Pwani, na nimekua nikijua ramli ni nini: maumbo 16 ya nukta, mwalimu na kitabu chake, mteja anayetaka kujua mwizi ni nani au safari ina heri. Aya ya 90 ya Surat Al-Maida imekataza kupiga bao kwa mishale, na wenzetu Wakristo wanayo Kumbukumbu la Torati sura ya 18. Siyachezei hayo. Simuulizi mtu wala ubao habari za ghaibu, sisomei wenzangu, na sipokei senti ya mtu. Uamuzi mzito nauswalia istikhara. Runi nazitoa kabla ya hapo, ili nijue hasa ninachotaka kumuomba Mungu ni nini. Mjomba wangu, ambaye ni ustadhi, nilimweleza hivi hivi na bado hakuridhika; aliniambia kilicho na sura ya bao kitakuja kuwa bao. Namheshimu, na neno lake nimelibandika ndani ya jalada la daftari kama tahadhari. Siku nikijikuta naokota kipande cha pili kwa sababu cha kwanza hakikunifurahisha, nitajua alichokuwa anakisema. Anayeona bora asiguse kabisa, asiguse.

Kasoro zipo. Mbao hazikupigwa msasa sawasawa, na kipande cha Nauthiz, yaani dhiki, kina kifundo ambacho kidole kinakitambua hata ndani ya mfuko, ndiyo maana nimeacha kuokota mfukoni nikahamia kwenye kitambaa. Inaudhi zaidi kwa sababu ni runi ninayoithamini. Shairi la Kiingereza linasema dhiki huubana moyo, lakini huweza kuwa msaada kwa wanadamu wakiisikiliza mapema. Alama za Laguz na Ansuz zimechomwa kwa kina kidogo mno na zitafifia. Herufi za kijitabu ni ndogo, na asiyejua Kinorwei atabaki na mbao tu. Kitambaa kimesinyaa baada ya kufuliwa.

Jingine si kasoro ya bidhaa, ila mnunuzi alijue. Alama hizi zimechafuliwa na Wanazi. Zile S mbili za SS, jeshi la chama chao, zimetokana na runi ya jua, Othala ilivaliwa na kikosi chao kimoja kilichoitwa Prinz Eugen, na hadi leo makundi ya kibaguzi ya huku yanabeba runi ya Tiwaz kwenye bendera zao. Vijana wetu wanaochora tatuu au kununua mikufu mitandaoni waulize kwanza. Mtu mweusi aliyevaa Othala kwenye treni ya Ulaya atatazamwa kwa macho ambayo hakuyatarajia, na kule Ujerumani alama ya SS ni kosa la jinai. Kijitabu changu kina ukurasa mzima juu ya hili. Karatasi ya rafiki yangu haina hata mstari. Kuna runi nyingine ambazo kila mtu anazo na hazina ubaya: alama ya bluetooth kwenye simu yako ni H na B za runi, kwa heshima ya mfalme Harald wa Denmaki wa karne ya 10, aliyesimamisha jiwe kubwa kule Jelling.

Seti hii ninaipendekeza kwa mtu mwenye daftari na subira, anayependa historia, na ambaye yuko tayari kusoma beti za watu wa kale bila kuzilazimisha zimtabirie mume au kazi. Anayetaka majibu ataishia kuzitupa. Kama uko mbali na Norwei, usihangaike na gharama za kusafirisha: tawi kavu la mti wowote unaokatika vizuri, msumeno wa mkono na msumari uliowekwa kwenye makaa vinatosha kutengeneza 24 zako kwa alasiri moja. Nunua kijitabu tu, na hakikisha kabla ya kulipa kwamba kina mashairi yote matatu na kwamba hesabu ya runi inaishia 24.