Pampu ya mkono ya Afridev: inafaa kisima gani, na inakwama wapi

Kisima kikishachimbwa na kusafishwa, kamati ya maji huletewa bei za pampu tatu nne na kuambiwa ichague. Kwa kisima ambacho maji yake yako mita 10 hadi 30 kwenda chini, chagueni Afridev, kwa masharti mawili: rodi (fito zinazoshuka kutoka mpini hadi kwenye pistoni) ziwe za chuma kisichoshika kutu, na bomba liungwe na fundi asiye na haraka. Masharti hayo yakipuuzwa, baada ya misimu michache pampu hubaki kigingi cha kufungia mbuzi.

Afridev ilikamilishwa miaka ya 1980, baada ya majaribio ya Malawi na ya Kwale, pwani ya Kenya. Muundo wake hauna mwenyewe; kiwanda chochote kinaruhusiwa kuutengeneza. Ndiyo maana sili (mpira wa kuzuia maji yasivuje) iliyotoka kiwanda kimoja huingia bila shida kwenye pampu ya kiwanda kingine. Ubaya wake, na wenye kuuza bei ya chee nao wanautengeneza, na kwa macho pampu zote zinafanana.

Uzuri wake hasa uko ndani ya bomba. Bomba la kupandishia maji ni la plastiki ya PVC, upana wa milimita 63 kwa nje, na silinda ya chini, ambamo pistoni hupanda na kushuka, ina tundu la milimita 50. Kwa kuwa silinda ni nyembamba kuliko bomba, pistoni na valvu ya chini (inayozuia maji yasirudi kisimani) hupita humo humo zikitolewa. Bomba lenyewe halisogei. Unafungua kichwa kwa spana, unavuta rodi na kuzichomoa moja moja (zimeshikana kwa kulabu na kitanzi, hakuna cha kuzungusha), kisha unashusha chombo cha kuvulia kinachonasa valvu ya chini na kuipandisha. Watu wawili waliofundishwa wanaimaliza kazi hiyo asubuhi moja. India Mark II ya kawaida, pampu nyingine ya mkono, haikupi nafasi hiyo: kubadili kiraba kidogo tu kunadai bomba zote za chuma zitoke nje, kwa miguu mitatu ya kunyanyulia na kikosi cha watu kutoka wilayani. Kijiji kinakaa kinawasubiri.

Kwenye wingi wa maji, msidanganywe na kauli kwamba inafika mita 45. Inafika, ila mpini unakuwa mzito na ndoo haijai. Maji yakiwa mita 15, mtu mzima hupata kama lita 1,100 kwa saa, yaani ndoo ya lita 20 kwa dakika moja na kidogo. Yakiwa mita 30 anapata kama lita 700. Sasa pigeni hesabu. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 inataka kituo kimoja kihudumie watu 250, kila mmoja lita 25 kwa siku. Hizo ni lita 6,250. Kwa mita 30 mpini unatakiwa uchezwe karibu saa tisa bila kupumzika, na foleni ya kisimani tunaijua: kila mtu anataka maji alfajiri na jioni. Kwa kina hicho fungeni pampu mbili kwenye visima viwili, au anzeni kuulizia ya sola.

Sehemu inayoharibu sifa ya Afridev kuliko zote ni gundi. Bomba huja vipande vya mita 3, hivyo kisima cha mita 30 kina viungo kama tisa, na kimoja tu kikivuja, maji yanarudi kisimani. Fundi asugue ncha kwa msasa, afute vumbi na mafuta, aweke alama mahali bomba linapotakiwa kuishia, apake gundi pande zote mbili, asukume moja kwa moja mpaka kwenye alama, ashike kwanza. Mchanga kidogo au tone la maji kwenye kiungo, basi. Gundi iliyoanza kuwa kama uji mzito itupwe, hata kama kopo limejaa. Kisha pampu iachwe usiku kucha kabla ya kuchezwa. Sherehe ya uzinduzi itangoja. Na ile kamba ya kushikilia bomba isiachwe stoo, maana bomba likikatika, ndiyo itakayolitoa.

Rodi nazo. Zilizopakwa zinki ni rahisi na ndizo zinazoletwa usipotaja. Kwenye maji yenye uchachu, yaani pH chini ya 6.5, au yenye chumvi, zinki inaliwa na chuma kinaanza kuoza. Akina mama ndio wa kwanza kugundua: maji yanatoka na rangi ya udongo, nguo nyeupe zinashika madoa, chai inakuwa nyeusi kama wino. Watu wanarudi mtoni huku pampu ikifanya kazi. Kujua kosa ni la nani, chota dumu la kwanza alfajiri, kisha endelea kupampu. Maji yakitakata baada ya madumu kadhaa, kutu inatoka kwenye pampu. Yasipotakata, chuma kiko ardhini, na rodi mpya hazitasaidia. Siku ya kupokea mzigo, nendeni na sumaku: ikinata kwa nguvu kwenye rodi mliyouziwa kama isiyoshika kutu, mzigo urudi ulikotoka.

Pampu ikianza kusumbua, pima kabla ya kufungua. Cheza mpini mpaka maji yatoke, acha nusu saa, cheza tena. Yakichukua zaidi ya mapigo matano kufika, kuna kuvuja: oringi (pete ya mpira) ya valvu ya chini, bobini ya mpira (kizibo kinachofungua na kufunga valvu), au kiungo cha bomba. Anza na oringi, ndiyo rahisi. Kisha piga mapigo 40 kamili huku ndoo imekingwa. Pampu nzima hutoa kama lita 17. Ikitoa nusu yake wakati maji yanafika upesi, sili ya pistoni imelika. Mpini ukiwa mwepesi ghafla na hakuna hata tone, rodi imeachana. Mpini ukiyumba kushoto na kulia, ni bushi za plastiki zinazoshikilia ekseli yake, na hizo usiziache, kwani chuma kikianza kusaga chuma utanunua mpini.

Sili, bushi na oringi zibadilishwe kila mwaka hata kama hakuna kelele. Nunueni seti mbili siku ile ile ya kununua pampu, maana baadaye duka la karibu lenye vipuri huenda likawa mkoani. Zitunzwe kwa mweka hazina pamoja na spana na chombo cha kuvulia, mbali na jua na mafuta ya taa. Mpira uliokauka hupasuka siku ile ile unapofungwa.