EC2 Spot ya Amazon: nafuu kweli, ila wapime pia wateja wenzako

EC2 ni huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta kupitia mtandao, na Spot ni mashine zake ambazo hazijapata mteja wa bei kamili. Punguzo hufika hadi asilimia 90, kwa sharti moja: Amazon ikizihitaji inazichukua, na notisi ni ya dakika 2. Google na Azure kwa kawaida hutoa sekunde 30 tu, na kwa kazi za kukokotoa tofauti hiyo ni kubwa.

Hatari ya kunyang'anywa haipimwi kwa kuitazama mashine peke yake, kwa sababu inategemea wateja wengine wanataka nini. Hapo nadharia ya michezo, yaani hesabu ya maamuzi ya watu wanaotegemeana, inasaidia sana. Tangu 2009 hadi mwishoni mwa 2017, Spot ilikuwa mnada wa bei moja kwa washindi wote. Kwa kuwa alilipa bei hiyo ya pamoja, si dau lake, mteja aliona hapotezi kitu akitaja dau kubwa mno ili asiguswe. Wengi walipofanya hivyo kwa pamoja, bei ilipanda kupita hata bei ya kawaida. Leo dau kubwa halikupi kipaumbele. Ukiweka kikomo cha bei utakayolipa unajiongezea kukatizwa tu, kwa hiyo acha nafasi hiyo wazi.

Ushindani wenyewe bado upo. Jedwali la Spot Instance Advisor, linaloonyesha kila aina ya mashine hukatizwa mara ngapi, linaonekana na kila mtu. Aina ya mashine inayoonyeshwa kukatizwa chini ya asilimia 5 huwavuta wengi, na akiba yake, yaani mashine zilizobaki bila mteja, huanza kupungua. Mkakati wa kuchagua mashine uitwao lowest-price (bei ya chini kabisa) unakupeleka kwenye msongamano uleule. Price-capacity-optimized ni bora zaidi, maana hutazama bei pamoja na akiba iliyobaki. Lakini haugawi mashine sawasawa. Anayetaka mgawanyo atumie mkakati wa diversified kwenye EC2 Fleet, chombo cha kuomba mashine nyingi kwa pamoja. Aina 4 katika zoni 3 (sehemu tofauti za vituo vya data) ni akiba 12, kwa kuwa kila aina katika kila zoni ina akiba yake. Mashine 24 zikigawanywa sawa, akiba moja ikikauka unapoteza 2. Zikiwa zote sehemu moja, 24 zinaweza kuondoka kwa mpigo. Ndiyo maana hesabu inayochukulia kila mashine inaanguka kivyake hudanganya vibaya.

Uhifadhi hali ya kazi (checkpoint) kila baada ya muda gani, ili ukikatizwa uendelee ulipoishia? Zidisha 2 kwa muda wa kuhifadhi, kisha kwa wastani wa muda kati ya kukatizwa, halafu tafuta kipeuo cha pili. Kuhifadhi kukichukua dakika 1 na kukatizwa kukija kila baada ya saa 20, jibu ni kama dakika 49. Kuhifadhi kukizidi dakika 2, notisi haitakuokoa.

Hifadhidata ya nodi 3 inayohitaji wingi wa kura usiiweke huku: zikiondoka 2, uandishi unasimama.

Notisi isomwe kila sekunde 5 ukiwa ndani ya mashine, kwenye anwani ya 169.254.169.254/latest/meta-data/spot/instance-action. Jibu la 404 maana yake bado uko salama. Jibu la 401 ni kwamba IMDSv2, toleo la pili la huduma inayojibu anwani hiyo, inadai tokeni (msimbo wa ruhusa), na skripti nyingi za zamani hulichukulia kama 404, zikakaa kimya hadi mashine inazimwa.