Choo cha mboji ndani ya karavani: choo nakisifu, muuzaji wake simtaki

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa choo chenyewe kwa sasa kinafanya kazi vizuri kuliko vyoo vingi vya nyumba za wageni ninazozifahamu kati ya Kilwa Masoko na Masasi. Anayetaka vipimo, uzito na rangi atavipata kwenye karatasi ya muuzaji. Mimi nitazungumzia harufu, pamoja na mtu aliyeniambia kwa simu kwamba harufu hiyo tumejiletea wenyewe, kwa kuwa sisi watu wa kusini tunapenda mno maji.

Kazi yangu ni kupima mashamba na viwanja, na kiangazi hunikuta zaidi Tandahimba, Newala na Nanyamba kuliko nyumbani kwangu Mikindani. Karavani ninayolala niliinunua kwa mkandarasi mmoja mdogo aliyekuwa akivunja kambi yake baada ya bomba la gesi la kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam kukamilika mwaka 2015. Ina kitanda, jiko dogo na chumba chembamba mno ambacho zamani kilikuwa na choo cha maji kilichong'olewa kabla haijafika mikononi mwangu. Vijana wangu hulala kwenye hema, na haja zao wanajua kuzimaliza nyuma ya mkorosho. Mimi ni mwanamke wa makamo, na kugonga kwa mwenyekiti wa kijiji usiku wa manane, tochi mkononi na mbwa wakibweka, ili kuomba ufunguo wa choo, ni jambo lililonichosha siku nyingi.

Choo cha maji nilikikataa mapema. Juu ya uwanda wa Makonde watu huvuna maji ya mvua kwenye visima vya saruji vilivyojengwa uani, na maji ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema, hivyo ndoo moja ya maji huheshimiwa. Kuingia katika kijiji cha namna hiyo na choo kinachomeza maji kila kinapotumika ni kukosa haya, na hata kama maji yangekuwepo, gari la kunyonya maji taka halifiki huko. Choo cha kemikali nacho nilikifikiria, kile chenye tangi dogo la kuchomoa, lakini dawa yake huagizwa Dar es Salaam, na tangi likijaa inakubidi umwombe mtu ruhusa ya kulimwaga kwenye shimo lake, wakati dawa ile ile ndiyo inayoua vijidudu vinavyoozesha uchafu wa shimo hilo. Nani angekukaribisha mara ya pili?

Kikabaki choo cha mboji. Kanuni yake ni rahisi na ya kweli: mkojo hupita mbele na kuingia kwenye dumu lake, kinyesi huangukia nyuma kwenye chombo chenye vumbi la makumbi ya nazi, kisha mtumiaji huzungusha mkono wa kukorogea ulio ubavuni ili kinyesi kifunikwe na kuanza kukauka. Uvundo mkali huzaliwa pale viwili hivyo vinapochanganyika. Vikitenganishwa, kinachobaki ni harufu ya udongo. Feni ndogo ya volti 12, inayotumia umeme kidogo sana wa betri ya sola, huvuta hewa ya ndani ya chombo na kuitoa nje usiku na mchana kupitia bomba lenye wavu wa kuzuia nzi.

Kabla sijalipa, nilimwuliza muuzaji swali ambalo mtu yeyote wa pwani angeuliza: "Baba, sisi huku tunachamba kwa maji. Hayo maji yataenda wapi?" Akanijibu kwa sauti ya mtu ambaye fedha amekwisha kuzihesabu kichwani, "Mama, hilo dogo, mtazoea karatasi."

Sikuzoea, wala sikukusudia kuzoea. Choo hiki kimebuniwa na watu wanaotumia karatasi kwa ajili ya watu wanaotumia karatasi. Maji yakimwagwa nyuma yanalowesha makumbi na kuharibu kila kitu; yakimwagwa mbele yanajaza dumu la mkojo kabla ya jioni. Huko India ya kusini, ambako watu huchamba kwa maji kama sisi, vimetengenezwa vyoo vikavu vyenye matundu matatu, moja likiwa la maji hayo peke yake, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani. Kwa kuwa changu hakina tundu la tatu, nilimwagiza seremala wa Mikindani anitengenezee kichanja cha mbao chenye nafasi kati ya vipande, kikae juu ya beseni kando ya choo, na beseni hilo nikalitoboa na kuliunganisha na mpira unaoshuka chini ya sakafu hadi kwenye dumu la nje. Ukimaliza haja unasogea, unachota kwa kopo, unachamba hapo. Tangu siku ya kwanza, hata tone la maji halijaingia chooni. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana ndilo lililonipandisha mori.

Fundi aliletwa na muuzaji kutoka Dar es Salaam kwa basi. Alikuwa kijana mwenye adabu, ila alifanya kazi akitazama saa kwa sababu ya basi la kurudia. Alifunga choo kwa bolti, akatoboa ukuta, akapitisha bomba, akaunganisha nyaya, feni ikavuma, akaniambia, "Tayari, mama, utafurahi," na kuondoka.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Tandahimba, na kufika katikati ya juma nilikuwa silali. Mchana jua likipiga bati la karavani, harufu ilitoka chumbani mle na kujaa kila mahali: kwenye shuka, kwenye mto, kwenye kanga zangu, hata kwenye ramani za karatasi nilizokuwa nimezikunja vizuri kwenye mfuko wake. Kijana anayenishikia fimbo ya kupimia alianza kunywea chai yake nje, mbali, akisingizia upepo. Dumu la mkojo nililimwaga kila asubuhi, makumbi niliyaongeza, mkono niliuzungusha hadi bega likauma. Karavani niliisawazisha upya kwa timazi, kwa sababu ikiinama kidogo tu mkojo huvuka ukingo na kwenda nyuma. Nilikuta imelala sawasawa, kama unavyotarajia kwa mtu ambaye kazi yake ni kupima.

Ndipo nikapiga simu. Nilijieleza kwa utulivu, kwa kirefu, nikitaja kila nilichokagua. Yule bwana hakuniacha nimalize. "Mama, tatizo ni hayo maji yenu. Ninyi watu wa kusini mnapenda maji mno, mnaoga mpaka ndani ya choo. Hiki ni choo cha watu wanaofuata maelekezo." Nikamwambia kwamba maji hayaingii, kwamba kuna beseni la pembeni, na kwamba nipo tayari kumtumia picha. Akacheka, akasema hana haja ya kuziona picha za choo cha mtu, akakata simu.

Nimefanya kazi na watu wa kila aina: wenye mashamba wanaogombania mpaka wakiwa na mapanga, na maofisa wanaokuweka kwenye benchi hadi jua linazama. Sikumbuki kama kuna aliyewahi kuniambia kwamba nanuka kwa sababu ninajitahirisha. Ninaisali sala yangu na nguo zangu ninazijua. Mtu anayeuza choo katika nchi ambayo nusu ya wateja wake wanachamba kwa maji, halafu akawakejeli kwa usafi wao, angefaa auze kitu kingine.

Kilichonifumbua macho ni udi. Jioni moja nilikuwa nimeweka makaa kwenye chetezo ili angalau nipate usingizi, nikaingia nacho chumbani mle, nikainua kifuniko cha choo kidogo tu na kukisogeza chetezo ukingoni. Moshi ulipaswa kunyonywa ndani ya choo, kwa kuwa feni kazi yake ni kuvuta hewa na kuipeleka nje. Badala yake ulisukumwa nyuma, ukanijia usoni na kunitoa machozi. Nikaufunga mfuniko, nikatoka nje hadi kwenye mdomo wa bomba, nikaweka kipande cha karatasi laini mbele ya wavu. Karatasi ilinatia kwenye wavu kama mtoto kwenye titi. Feni ilikuwa inavuta hewa ya nje, inaipitisha juu ya kinyesi changu mwenyewe, kisha inaniletea kitandani!

Tuliifungua kwa bisibisi. Ubavuni mwa feni, kwenye plastiki nyeusi, kuna mshale mdogo uliochongwa unaoonyesha hewa inaelekea upande gani, na mshale huo ulielekea ndani. Skrubu nne zilitolewa, feni ikageuzwa, skrubu zikarudishwa, na kazi yote haikuchukua hata muda wa kuivisha chai. Usiku huo huo nililala. Asubuhi yake kijana wa fimbo aliingia kufuata sukari, akasimama, akavuta pumzi, hakusema neno, akaketi akanywea chai ndani.

Nilimpigia muuzaji tena, nikamweleza habari ya mshale. "Kumbe! Basi, mama, limekwisha hilo." Neno pole halikutoka, na pole haina bei hata Kariakoo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia watu wasikinunue kabisa. Sasa nikitazama nyuma naona hilo lingekuwa dhuluma kwa choo. Tangu feni igeuzwe, chombo cha kinyesi nakimwaga mara chache sana, hakuna nzi, na mama mmoja wa Nanyamba aliyenitembelea alikaa na kuzungumza nami robo ya mchana bila kutambua kwamba choo kipo mkono mmoja kutoka alipoketi. Lita za maji ninazookoa nazipikia na kuogea. Kwa mwanamke anayefanya kazi porini, kujifungia mlango wake mwenyewe usiku ni raha ambayo sijui niieleze vipi kwa mwanamume.

Hata hivyo kuna uongo wa karatasi ya mauzo ambao siwezi kuupita. Imeandikwa kwamba utapata mboji tayari kwa bustani baada ya wiki chache. Ndani ya chombo kidogo vile kinyesi hukauka tu; hakipati joto la kutosha wala muda wa kuoza, na mayai ya minyoo hubaki hai. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2006, linataka kinyesi kikavu kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja pale ambapo joto ni kati ya nyuzi 20 na 35, yaani kwetu huku, ndipo kitumike shambani. Mimi nakimimina kwenye pipa lenye mfuniko nyuma ya nyumba, nachanganya na majivu, na pipa likijaa nalifunga na kuliacha lipitishe mwaka mzima na zaidi, kisha nalipeleka chini ya minazi, kamwe si kwenye mchicha.

Jambo jingine ni la kuchekesha kama si la kukera. Muuzaji aliniuzia vumbi la makumbi lililoshindiliwa kama tofali, na kwenye karatasi yake liliandikwa kwamba limetoka Sri Lanka. Makumbi! Yamevuka bahari yote ya Hindi kuja kuuzwa Mikindani, ambako yamerundikana uani kwa kila anayefua nazi! Siku hizi nayaponda mwenyewe yakiwa yamekauka, nayachekecha, na yanafanya kazi ile ile. Ila yakilowa wakati wa masika hayafai, kwa hiyo nayaweka kwenye ndoo yenye mfuniko tangu Novemba. Kuna mtu atakayekushauri utumie maganda ya korosho kwa kuwa yanapatikana bure. Usithubutu, mafuta yake yanababua ngozi, na wewe ndiwe utakayekuja kuyashika.

Kwa hiyo, kwa mpimaji, mfanyabiashara wa korosho, au yeyote anayelala kwenye tela kusini huku, ninasema nunua, tena bila wasiwasi, ila fedha ya seremala wa kichanja cha kuchambia uitenge tangu mwanzo, na fundi asiondoke kabla hujaona moshi wa udi ukiingia chooni kwa macho yako. Kuhusu mahali pa kununua, tafuta muuzaji mwingine. Au basi, kama hakuna mwingine, nunua kwake huyo huyo, lakini usimpigie simu.

Juzi juzi amenitumia ujumbe, safari hii akiniita "mama yangu mpendwa", akiomba amlete mteja wa Lindi aje kuona choo changu kinavyofanya kazi, hasa hilo beseni la pembeni ambalo anasema ni ubunifu mzuri. Nimemjibu kwamba mteja namkaribisha hata kesho na chai ataikuta. Yeye mwenyewe atabaki nje ya uzio mpaka aseme lile neno moja.