Saidingi ya stairofomu inayopitisha mvuke: uzoefu wangu baada ya winta mbili Minnesota

Watu wameniuliza sana hii saidingi mpya ya kwangu, yale mabamba ya kufunika ukuta wa nje, ikoje, nikasema ngoja kwanza ipigwe na winta mbili ndo niongee. Haya, zimepita.

Tunakaa Brooklyn Park, Minnesota, huku Marekani, nyumba ni ya 1986, tulinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Mwaka wa kwanza sikuona kitu. Wa pili chumba cha watoto, kile cha upande wa kaskazini, kikaanza kunuka ile harufu ya gunia lililolowa, mke wangu anafua mapazia kila wiki na harufu iko palepale, mpaka siku nikavuta kabati nikakuta ukuta wa nyuma una madoa meusi toka sakafuni mpaka kiunoni. Nikapaka rangi. Ndio, nilipaka rangi juu ya ukungu, msinicheke.

Iliporudi ile harufu nikamwita jamaa yangu mmoja Mkisii anafanya hizi kazi za ujenzi, akaja Jumamosi akabandua vipande vitatu vya saidingi ya zamani. Chini yake kuna mabao ya povu yamevikwa karatasi ya fedha kama ile ya kufungia kuku, na ndani, nyuma ya jipsamu, kuna nailoni, maana huku kwenye baridi kali nyumba nyingi huwekwa nailoni upande wa ndani. Sasa mbao zimebanwa katikati, zikishalowa hakuna pa kukaukia. Akachoma bisibisi kwenye bao la OSB, lile la vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, ikazama kama kwenye papai lililoiva. Akanigeukia, "Bro, nyumba imevaa makoti mawili ya mvua halafu nyinyi mnaichemshia mbaazi ndani masaa matatu." Na kweli, kwetu sufuria haishuki jikoni, nguo tunaanika besimenti, feni ya bafuni ilikuwa inapiga kelele tu haivuti chochote.

Nikakumbuka nyumba ya bibi kule Mji wa Kale, Mombasa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene huo, umekaa na upepo wa bahari miaka nenda rudi, mpaka ami alipotaka upendeze akaupiga plasta ya simiti na rangi ya mafuta. Haikuisha miaka miwili plasta ikavimba ikawa inadondoka vipande vipande kwenye kitanda cha bibi. Ugonjwa ni uleule, sema huku kuna theluji.

Basi tukabadilisha kuta mbili, ya kaskazini na ya magharibi. Pale palipokuwa pameoza pakawekwa OSB mpya, juu yake Tyvek, ile karatasi inayozuia maji ila inapitisha mvuke, halafu saidingi ya vinili ambayo nyuma imegandishwa stairofomu, ile nyeupe ya punjepunje kama inayokuja na boksi la tivii, bila karatasi ya fedha. Ile inaruhusu mvuke utoke polepole, na chini ya kila kipande cha saidingi kuna vitundu vidogo vya kutolea maji ya mvua yaliyopenya. Juu ya madirisha fundi akaweka vibati vya kugeuza maji, havikuwepo kabisa kabla, na mimi mpaka leo naamini hivyo vibati vya bei ya chakula cha mchana vimefanya kazi kuliko povu lote, kwa sababu doa baya kuliko yote lilikuwa chini ya pembe ya dirisha.

Gharama dola 11,300, mbao zilizooza wakahesabu mbali, 1,900.

Matokeo: ile mita ya unyevu ya pini mbili ilisoma asilimia 27 kabla, jamaa akasema ikipita 20 uanze kuogopa, sasa hivi inasoma 12 au 13. Harufu hakuna. Lakini bili ya gesi, aisee. Kijana wa mauzo aliniahidi itashuka nusu, Januari ya kabla nililipa dola 214, iliyofuata 191, hiyo ndo nusu yake. Povu lenyewe ni R-2 mpaka R-3 hivi (R ni kipimo cha kuzuia joto lisipite, ikiwa kubwa ndo bora), wakati pamba ya kawaida ya kuzuia baridi ndani ya ukuta wa mbao za mbili kwa nne ni kama R-13, kwa hiyo kama shida yako ni bili tu, pesa yako peleka kwenye kuongeza pamba hiyo darini.

Mafundi nao walinikera. Vinili ikipata jua inarefuka, kipande cha futi 12 kinaweza kuongezeka karibu nusu inchi, ndo maana misumari haitakiwi kukazwa, kipande kining'inie tu, ukikisukuma na mkono kiteleze. Wao walikaza kama wanajenga meli. Julai ukuta wa magharibi ukaanza kulia tak tak na kufanya mawimbi, nikapiga simu mara tatu ndo wakaja kulegeza. Kwa hiyo kabla hujalipa, sukuma kipande kimoja kimoja na mkono, kisipoteleza usitoe hela.

Na la mwisho hili ni kosa langu mwenyewe, Siku ya Wafanyakazi niliweka jiko la nyama choma karibu na ukuta, kama futi mbili, tukanogewa na mazungumzo, kuja kuangalia vinili imejikunja kama nailoni iliyoguswa na kibiriti. Kipande kimebadilishwa, ila kipya kinang'aa kuliko vyenzake, ukiingia tu uani unakiona.