Difu ya nyuma ikilia: kit ya beringi, kichwa cha mtumba au difu nzima?

Kwa pikapu au lori dogo ambalo difu (gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu) imeanza kulia, maduka ya spea yana tiba nne: kit ya beringi na sili (mipira ya kuzuia oili isivuje), kraun (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) mpya, kichwa cha difu (gia zote zikiwa zimefungwa pamoja) kilichotumika, na difu nzima na haozingi (ganda la nje) yake. Yoyote kati ya hizo inaweza kumaliza kelele kwa wiki chache. Ipi itadumu, hilo hujulikana oili ikishamwagwa na meno yakaonekana kwa macho.

Sauti ni fununu tu. Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta na kukatika ukiachia, mara nyingi ni meno ya kraun na pinioni. Ukizidi unapoachia, shuku beringi za pinioni zilizolegea. Mngurumo unaofuata kasi ya gari bila kujali mguu ni wa beringi, na inaweza kuwa ya tairi wala si ya difu. Kelele ya kwenye kona peke yake huelekea gia za spaida, zile ndogo za katikati zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti. Mlio wa "tak" unapoondoka, tikisa kwanza krosi (viungio) za propela shafti, ile inayoleta nguvu kutoka giaboksi; difu nyingi zimeshushwa bure kwa sababu ya krosi moja.

Sasa oili. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya boliti ya kumwagia ni la kawaida. Vipande unavyovisikia kwa kucha, au magamba yanayong'aa, si ya kawaida. Futa kraun kwa kitambaa, izungushe jino kwa jino ukiwa na tochi. Vishimo, ncha iliyomeguka au rangi ya bluu ya kuungua vinamaanisha kit ya beringi peke yake haitoshi.

Kit ya beringi ndiyo tunayoipa alama za juu, kwa sharti kwamba meno ni safi. Ndani yake kuwe na beringi mbili za pinioni, mbili za pembeni, vikombe vyake vyote, sili, nati mpya ya pinioni, shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi), na ile bushi nyembamba inayobonyea nati ikikazwa. Kit isiyo na bushi hiyo wala nati usiichukue. Bushi hutumika mara moja: fundi akipitiliza kukaza, halegezi nati kurudi nyuma, anatoa pinioni na kuweka bushi nyingine. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, maana nati iliyolegezwa huiacha pinioni icheze, na mluzi unarudi upya. Ugumu wa kuzungusha pinioni hupimwa kwa spana ya toki yenye mshale, kabla kraun haijarudishwa. Kwa pikapu nyingi, beringi mpya huwa kati ya Nm 1.7 na 3.4, na beringi zilizokwisha kutumika karibu nusu ya hapo. Kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Anayepima kwa kiganja anabahatisha.

Kraun na pinioni mpya ni spea nzuri yenye kazi ngumu. Huuzwa kwa jozi zilizosagwa pamoja, na namba za jozi kwenye vipande vyote viwili lazima zilingane. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa saa ya kupimia, kwa pikapu nyingi milimita 0.15 hadi 0.20, na kwa malori makubwa zaidi ya hapo. Kisha meno hupakwa rangi na kuzungushwa kwa kuzuiwa kidogo. Alama ikishuka kwenye shina la jino, pinioni imeingia sana, punguza shimu yake. Ikikaa kileleni, iongeze. Vifuniko vya beringi za pembeni vitiwe alama ya kushoto na kulia kabla havijafunguliwa, kwa sababu vimechongwa pamoja na haozingi. Kama fundi hana saa ya kupimia, jozi hii msimpe.

Kichwa cha mtumba kinafaa magari ambayo kichwa hutoka kwa mbele, kama Hilux nyingi za zamani au difu ya Ford ya inchi 9. Unachomoa shafti, unafungua nati za kuzunguka, kichwa kinatoka kizima. Hesabu meno kabla ya kulipa: kraun 41 kwa pinioni 10 ni 4.10, na kwa gari la magurudumu manne uwiano wa mbele na nyuma lazima ufanane, la sivyo gia zitapigana kwenye barabara kavu. Zungusha pinioni kwa mkono. Ikikwama mahali pamoja kila mzunguko, iache dukani.

Difu nzima huchukuliwa pale ambapo haozingi imepata ufa, bomba la shafti limepinda, au beringi imezunguka ndani ya makazi yake na kuyala. Beringi mpya ikiingia kwenye makazi yaliyolika haishiki, hata ikaziwe na nani. Difu ambayo imeendeshwa bila oili nayo mara nyingi huishia hapa, maana kufikia hapo beringi, meno na spaida vimekufa vyote.

Kwa njia yoyote, safisha kipumulio (kitundu cha kutoa hewa ya difu) kabla ya kujaza oili. Kikiziba, joto husukuma oili nje kupitia sili mpya, na lawama zinakwenda kwa sili. Tia oili ya gia ya daraja la GL-5 ya unene ulioandikwa kwenye kitabu, mara nyingi 80W-90, hadi ifike ukingo wa tundu la kujazia. Difu yenye klachi za kuzuia kuteleza huhitaji pia dawa yake ya msuguano. Meno mapya yaendeshwe taratibu kilomita 25 au 30, yaachwe yapoe kabisa, kisha urudie mara kadhaa bila mzigo wala kuvuta tela. Oili imwagwe kwenye kilomita 800. Hiyo ya kwanza hutoka na unga wa chuma mwingi kuliko utakaouona tena.