Kizimba cha waya kutoka Kibuye: kimetupunguzia vita vya paka

Nilitaka kitu ambacho kingemruhusu Dani, paka wangu mzee, amnuse mtoto mpya wa paka bila kumrarua. Vya plastiki vya madukani ni vidogo na bei ni ya kuudhi. Fundi mmoja wa jua kali pale Kibuye, soko la Kisumu, alinitengenezea cha waya wa kuku, fremu ya chuma na mlango wa komeo. Bei tulipatana hapo hapo.

Ukubwa unatosha: karai la vumbi la mbao kama choo upande mmoja, tambara la kulalia upande wa pili. Paka hutambuana sana kwa harufu, kwa hiyo mtoto alianza katika chumba chake, mlango ukiwa umefungwa, nami nikawa nabadilishana matambara yao. Ndipo kizimba kikaingia sebuleni, mtoto akiwa ndani. Omena nawawekea huku na huku ya waya. Sahani ya Dani mbali kwanza, kisha naisogeza kidogo kidogo. Akinguruma, nairudisha nyuma. Sasa anakula bila wasiwasi, ingawa bado anamtazama yule mdogo kama landiledi aliyekuja kudai kodi.

Kasoro zipo. Ncha za waya ziliachwa wazi kwenye pembe, nikalazimika kuzikunja kwa koleo. Sakafu haitoki, kwa hiyo kuosha ni kazi. Ukiagiza, omba trei ya mabati ya kuvuta. Na rangi ikauke kabisa juani kabla hujamtia paka humo, maana ile harufu, Dani hata karibu hakufika.