Popo wa Kidike, Pemba: nilikwenda kupoteza muda, nikakaa hadi magharibi

Ukiwaambia watu kwamba umekwenda Pemba kuangalia popo, jiandae kusikia habari za popobawa, lile jini la usiku. Mama yangu mpaka leo anasimulia jinsi watu wa visiwani walivyolala nje kwa makundi mwaka 1995, kila mtu akiogopa kubaki chumbani peke yake. Basi niseme mapema: popo ninaowazungumzia hapa wanakula maembe.

Safari yenyewe ilikuwa ya harusi. Binti wa mjomba wangu alikuwa anaolewa Wete, mwezi wa Desemba, na siku moja kabla ya nikahi sisi wanaume wa kutoka Tanga tulionekana tunawazuia wapishi tu. Nilikuwa nimeshaulizia hotelini, Chake Chake, kuna nini cha kuona. Kijana wa mapokezi akanitajia fukwe, akaishia hapo. Aliyenipa jibu ni bibi mmoja aliyekuwa anamenya vitunguu. "Mpelekeni mgeni Kidike kwa popo," alisema, wala hakuinua kichwa. Nikapewa mtoto wa miaka tisa wa kunisindikiza. Mtoto hakutaka.

Kidike iko kaskazini ya Chake Chake, ukiacha barabara ya zamani ya Wete na kuingia njia ya vumbi inayopita katikati ya mikarafuu. Bodaboda ndiyo usafiri mzuri, ila patana kabisa na dereva akusubiri, maana ikishaingia jioni hutapata mwengine. Wetu alicheka: "Popo? Kwani kwenu hamna?" Njia nzima karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi mbele ya nyumba, na harufu yake inakufuata hadi unaizoea. Hiyo safari fupi tu ingenitosha.

Kiingilio ni kidogo. Sitaji kiasi kwa sababu bei hubadilika, lakini beba pesa taslimu, tena noti ndogo. Anayekutembeza ni mtu wa kijijini. Sisi tulimpata mzee wa kofia na kikoi, aliyeongea polepole na kutuamrisha tunyamaze kama tuko msikitini.

Kwanza inakuja harufu, kama matunda yaliyoanza kuchacha karibu na zizi la beberu. Halafu kelele: ugomvi wa sokoni, lakini sokoni penyewe pako juu ya vichwa vyenu. Nilipoinua macho nilidhani ni majani makavu, makubwa, yananing'inia. Moja likajikuna.

Hawa si wale popo wa darini. Popo wa Pemba akifungua mbawa anazidi mita moja na nusu, manyoya yake ni mekundu ya hudhurungi, na uso wake ni wa mbweha hasa, macho makubwa yanakutazama wewe. Hakai pangoni, anaangika mtini mchana kutwa, na jua likiwa kali anajipepea kwa ubawa kama bibi harusi na pepeo. Mzee alitupa darubini kwa zamu. Mtoto aligoma mpaka alipoona popo mmoja anajigeuza, anashikilia tawi kwa vidole vya mbawa, miguu chini, ili akojoe asijilowanishe. Baada ya hapo darubini sikuiona tena. (Vaa kofia. Sitaeleza zaidi.)

Kisayansi anaitwa Pteropus voeltzkowi, kwa jina la Alfred Voeltzkow, Mjerumani aliyepita Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1900. Yaani mnyama asiyepatikana popote duniani ila Pemba ana jina la mpita njia. Jamaa zake wa karibu wako visiwani: Komoro, Madagaska, na aina nyingine iko Mafia. Ukivuka kwenda bara jamii hii huipati, ingawa bahari iliyopo kati ya Pemba na kwetu Tanga si pana sana. Mkondo huo ni wa kina kikubwa sana, na Pemba ilijitenga na bara zamani mno.

Kilichonikalisha pale muda mrefu ni maneno ya mzee. Popo walikuwa kitoweo. Watu walikuja na bunduki, wakipiga chini ya mti mmoja tu wanajaza gunia, na wakati huo huo misitu ya asili ya kisiwa ilikuwa imeshapungua tangu enzi za kupanda mikarafuu. Kufikia mwaka 1996 popo huyu alikuwa ameandikwa kwenye daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Kuanzia katikati ya miaka ya tisini watu wa hifadhi walipita vijijini, vikaundwa vikundi vya wanavijiji vya kuwalinda, na mwaka 2008 akashushwa daraja: bado yuko hatarini, ila si kwa kiasi kile. Nilimuuliza mzee kama nyama yake ilikuwa halali au haramu. Alicheka muda mrefu. "Wewe uliza ilikuwa tamu au siyo tamu."

Kuna jambo jengine alilolisema ambalo sikulijua. Makundi mengi ya popo kisiwani hukaa penye makaburi ya zamani au penye mizimu, kwa kuwa hapo watu hawakati miti ovyo. Kwa hiyo kabla hajaja mtu wa hifadhi, wafu walikuwa wameshaifanya kazi hiyo. Miti yenyewe nayo inawahitaji popo: wanachavusha maua, wanabeba mbegu kutoka mwembe hadi mzambarau hadi mkungu.

Ukienda saa nane mchana utaona popo waliolala, utapiga picha tatu, utarudi ukisema hamna kitu. Nenda saa kumi na moja. Jua likikaribia kuzama kelele zinapanda, wanaanza kuachia matawi mmoja mmoja, wanazunguka juu ya miti bila kupiga mbawa haraka kama ndege, ni pole pole, kama mtu anayekung'uta mkeka. Kisha wanatawanyika, hawa kusini, hawa kaskazini. Tulisimama shingo zikauma.

Mgahawa wala duka sikuona, kwa hiyo nenda na maji yako. Njia ikinyesha mvua inateleza. Kandambili zangu zilinidhalilisha. Usipige makofi kuwashtua ili waruke, hata dereva wako akikushauri hivyo, na usimshike aliyeanguka. Kama una siku nzima, unganisha na msitu wa Ngezi kule Konde, ambao ni mkubwa na una mpapindi, mti wa porini wa jamii ya mnazi, wa kwao wenyewe. Ila Ngezi watu wanaijua. Kidike, watu wa Chake wenyewe walikuwa wananiuliza iko vipi.

Nyota nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya shingo.

Usiku tulirudi Wete tukakuta turubai limeshafungwa chini ya mwembe, wanawake wanakata nyama, taa moja inawaka. Kikaanza kudondoka kitu juu ya turubai, tap, tap. Mjomba akadhani mvua. Mtoto akakimbia nje, akarudi na makapi ya embe kiganjani, yamekamuliwa makavu kama yametoka kwenye kinu, akayaweka mbele ya bibi wa vitunguu. "Ni wao," alisema. "Wamekuja harusini."

Bibi akamwambia akanawe mikono.